Mtaalamu wa Tallinn

Hapa kwetu Kuusankoski, Finland, mwanamume akinyamaza, watu husema ana mambo kichwani. Akinyamaza sana, humpa uenyekiti. Hivyo ndivyo mume wangu Reijo alivyopata kuwa mwenyekiti wa chama cha wawindaji bila kuomba, na hivyo hivyo akawa mtaalamu wa Tallinn.

Kila mwaka theluji ilipoyeyuka na kiwanda cha karatasi kikafungwa kwa matengenezo, yeye na wenzake walikwenda Helsinki, wakapanda meli, wakavuka ghuba hadi Tallinn, mji mkuu wa Estonia. Mimi nilibaki nyumbani, kwanza na watoto, halafu na mama yangu, ambaye alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu na mwenye maneno muda wote. Reijo alirudi na boksi la bia na chokoleti yangu. Nikimuuliza mji ukoje, alinijibu, "Upo." Waliomuuliza kanisani aliwajibu vilevile, nao waliitikia kwa vichwa, kwa heshima, na kwenda zao.

Sote tunajua kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Ila hakuna aliyetuonya juu ya debe tupu linalonyamaza.

Mama alipofariki, na Reijo akastaafu, nikasema sasa ni zamu yangu. Nilitaka kuziona zile kuta za kale, minara, na vichochoro vya mawe. Nilikwisha kununua hata viatu. Lakini zaidi ya yote nilitaka Reijo anishike mkono aseme, pita huku, mke wangu, kuna kitu nataka nikuonyeshe. Maisha yetu yote mimi ndiye nimemwonyesha yeye: soksi ziko wapi, daktari ni mlango upi, mjukuu huyu ni wa nani. Nilitaka mara moja tu na mimi niongozwe.

Dada yangu Sirkka alikuwa na mpango mwingine. Kwaya ya kanisa ilikuwa inakwenda Tallinn mwezi wa tano, kwa basi na meli, na huko kulikuwa na kiongozi wa watalii mwenye mwavuli wa njano ili asipotelewe na mtu. Nafasi ilibaki moja, akanishikia. Nikamwambia mimi sihitaji mwavuli, kiongozi wangu ninalala naye, na mji ule anaujua kama kiganja chake. Sirkka akasema haya, ila nafasi ataishikilia hadi Jumapili tutakapokunywa kahawa kwake, maana ananijua. Hilo la kunijua liliniudhi kweli, nikaondoka bila kumaliza mkate wangu wa iliki.

Jumamosi jioni nikawasha sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke. Mambo mazito hapa kwetu husemwa humo, kwa sababu ndani ya sauna hakuna kugombana. Mama alitulea hivyo: humo mtu hukaa kama yuko kanisani. Tukaketi benchi la juu, uchi kama tulivyozaliwa, jasho likitutiririka, nikamuuliza Reijo siku ya kwanza tuanzie wapi.

Akayatazama mawe ya jiko. "Sijui," akasema.

Nikadhani anachagua. Nikamwambia basi anitajie kitu kimoja tu anachokipenda kule.

"Orofa ya saba kuna zulia zuri," akasema. "Jekundu."

"Orofa ya saba ya nini?"

"Ya meli."

Nikangoja sentensi inayofuata. Kwa Reijo lazima ujue kungoja. Mwishowe ikaja: tangu ile safari ya kwanza hajawahi kushuka melini. Wenzake wakienda mjini, yeye hubaki na supu yake ya samaki akisikiliza bendi ikifanya mazoezi, hadi warudi. Hata chokoleti yangu ilitoka duka la humo humo melini.

Hapo nikauelewa ujanja wake. Alikuwa na jikoni, alikuwa na gari, alikuwa na njia nzima ya kwenda dukani, akachagua kunieleza mahali pekee ambapo siwezi kumpigia kelele. Nikachukua kata, nikamwaga maji juu ya mawe. Mvuke ukapanda ukamkuta masikioni. Nikamwaga tena. Kumwaga maji si ugomvi, hata mama asingenilaumu. Niliendelea hadi mimi mwenyewe nikakosa pumzi nikashukia benchi la chini, yeye akabaki kule juu akiipokea adhabu yake.

"Kwa nini?" nikamuuliza nilipoweza kusema.

Akanieleza vipande vipande. Safari ya kwanza alishuka na wenzake, akainama kufunga kamba ya kiatu, alipoinuka hawapo. Akafuata ukuta, ukuta ukampeleka kwenye maghala. Akazunguka mchana kutwa kati ya makontena, wafanyakazi wa bandari wakimpita, wengine wakizungumza Kifini safi, na hakumuuliza njia hata mmoja. Kumsumbua mtu usiyemjua, hapa kwetu, ni jambo la anayekufa, na hata huyo hufikiri kwanza. Alipoiona meli akapanda, ikawa ndiyo basi.

Niliumia. Si kwa sababu ya kupotea, kila mtu hupotea. Niliumia kwa sababu nilikuwa nimejivunia kwa watu kitu ambacho sina. Usiku ule nililala nimempa mgongo.

Jumapili Reijo akavaa tai, jambo ambalo kwa kahawa ya kwa Sirkka halijawahi kutokea. Tukaketi sisi wawili, Sirkka, na mumewe Pentti. Kikombe cha kwanza hakijaisha Sirkka akaniuliza, nafasi ninaitaka au siitaki. Nami nilikwisha kufungua mdomo nimwambie naitaka, na Reijo abaki na supu yake. Reijo akaweka kikombe chini.

"Shemeji," akasema, "mji ule siujui. Sijawahi kuuona."

Sirkka akacheka. Pentti akasema huo ndio unyenyekevu wenyewe, mtu anayejua kweli husema hajui, akamwongezea kahawa. Watu wetu ndivyo walivyo: ukinyamaza unajua, ukikana unajua zaidi. Njia ilikuwa wazi kabisa. Angekunywa kahawa yake, arudi nyumbani mtaalamu zaidi kuliko alivyokuja. Nikamtazama. Masikio yake yalikuwa bado mekundu.

"Nilipotea," akasema. "Naogopa kuuliza njia. Ndiyo maana huwa sishuki."

Hakuna aliyecheka. Pentti akamimina maziwa kwenye kikombe kilichojaa. Mimi na Reijo tumezeeka pamoja, amepasuliwa moyo, amezika ndugu, na neno hilo la naogopa sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Sidhani hata mama yake alilisikia. Kisha akanigeukia.

"Nenda nao, mke wangu," akasema. "Utaona vizuri. Na mimi nitakuja. Nitakusubiri melini."

Nikamwona amekaa orofa ya saba, juu ya zulia lake, na supu yake. Hasira yote ikaniishia, na nilikuwa nimepanga kuwa nayo hadi Pasaka.

"Nafasi mpe mwingine," nikamwambia Sirkka.

"Mtapotea, mdogo wangu."

"Tutapotea wote wawili. Njia nitauliza mimi."

Niliyasema kwa sauti ya mtu anayeuliza njia kila siku. Lakini na mimi ni mzaliwa wa hapa, na mtu nisiyemjua sijawahi kumuuliza hata saa. Ila maji nilikwisha kuyavulia nguo.