Kitanda Kilichokwama Mlangoni

Watu walimwita Breki. Jina la wazazi wake alikuwa nalo, tena zuri tu, lakini wanafunzi wake walishalisahau. Alikuwa akifundisha udereva, na neno hilo ndilo lililomtoka zaidi kuliko yote, kwa sauti iliyowafanya hata waenda kwa miguu wasimame. Alikuwa mwanamke mrefu, mpana wa mabega, mwenye mdomo usiojua likizo. Hakuwa na mtoto, na ukimuuliza habari hizo atakuuliza kama umeangalia kioo cha pembeni.

Adhuhuri moja alikuwa barabarani na mwanafunzi wake mmoja, mzee wa makamo mwenye duka la viatu, ambaye alikamata usukani kana kwamba unataka kumtoroka. Simu ikalia. Alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake, mwenye mimba ya miezi saba. Mume alikuwa kazini machimboni, mbali huko, na alipoondoka alimwambia Breki neno moja tu: "Dada, mke wangu nakuachia wewe."

"Wifi," sauti ya simu ikasema, "kichwa kinanipasuka. Na macho sijui yana nini, naona vimulimuli mchana kweupe."

"Umekula?"

"Chakula hakipiti. Hapa chini ya mbavu panabana. Ngoja nijilaze kidogo, patatulia."

"Usijilaze popote! Fungua mlango, kaa kizingitini, nakuja!"

Breki alikata simu, akamgeukia muuza viatu. "Mzee wangu, simamisha gari. Shuka. Kaa nyuma. Somo la leo limeishia hapo."

Walimkuta wifi ameketi mlangoni, uso umevimba hadi macho yamekuwa mistari, miguu imejaa kama mito ya kulalia. Wakamwingiza kiti cha nyuma, kichwa chake juu ya mapaja ya mzee wa watu ambaye asubuhi alitoka nyumbani kwenda kujifunza kurudi nyuma kwa gari. Breki akaondoka kwa kishindo. Juu ya paa la gari lake kulikuwa na kibao cha mwanafunzi, na kila siku madereva wengine walikizomea. Siku hiyo walipokiona kinakuja mbio vile, walikimbilia pembeni wenyewe. Njia ilifunguka kama pazia.

Hawajafika, muuza viatu akapiga ukelele. "Mwalimu! Mwalimu, anatetemeka mwili mzima! Ameuma meno!"

"Mlaze ubavu! Mshike asianguke, usimtie kitu mdomoni!"

"Nimemshika! Jamani, nimemshika!"

Gari liliingia lango la hospitali na honi haijaachwa. Manesi walitoka na machela kabla halijasimama sawasawa. Daktari wa zamu, binti mwembamba mwenye viatu vya raba, alimpima wifi presha huku wakimkimbiza kwenye ukumbi, akasoma kipimo, akakunja uso.

"Wewe ni nani yake?"

"Wifi yake. Mumewe ni mdogo wangu, yuko safarini."

"Basi nisikilize vizuri. Hiki ni kifafa cha mimba. Tunampa dawa ya kuzuia degedege, lakini mtoto lazima atoke sasa hivi, la sivyo tutawakosa wote wawili. Ni mdogo, hajafikia siku zake. Ila akibaki tumboni ni hatari zaidi."

"Mnangoja nini? Mtoeni!" Breki akaweka sahihi.

Yeye na muuza viatu wakabaki kwenye benchi. Kisha mlango wa upasuaji ukasukumwa, akatoka nesi mbiombio amebeba furushi, na ndani ya furushi kukatoka sauti ndogo, nyembamba, kama ya paka mchanga aliyekanyagwa mkia. Breki akaruka juu.

"Ni yeye? Huyo ni yeye?"

"Ni binti!" nesi akajibu bila kusimama. "Ana kilo moja na kitu kidogo, lakini ana hasira za mtu mzima!"

Muuza viatu alicheka, akalia, akacheka tena. Breki akamkumbatia mzee wa watu mpaka kofia ikamwanguka. Furaha hiyo ilidumu mpaka daktari alipotoka. Mtoto alikuwa anapumua. Mama hakuwa ameamka. Degedege ilimrudia mezani, figo zilikuwa zimechoka, na walikuwa wanampeleka chumba cha wagonjwa mahututi. "Tuombe uzima," daktari akasema, "na sisi tunafanya kazi."

Breki akampigia mdogo wake. "Umekuwa baba. Ni binti. Nyamaza kwanza nimalize, usishangilie, usilie. Mkeo ni mgonjwa sana. Anza safari." Upande wa pili akasikia mlango ukibamizwa na miguu ikikimbia. Simu hata hakuikata.

Wodi ya watoto njiti ilikuwa chumba chenye joto la kutoa jasho, na akina mama wameketi wamejifunga vitenge vifuani. Nesi mkuu wa humo alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya chini, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

"Huyu wa kwetu nani atambeba?" akauliza.

"Kumbeba kumpeleka wapi?" Breki akashangaa.

"Popote hapelekwi. Anabebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, apate joto na asikie moyo wa mtu. Mama yake hawezi kwa sasa."

"Dada yangu, mimi sijawahi kuzaa."

"Kwani nimekuuliza umezaa? Nimekuuliza kama una kifua."

Akina mama wote wakaangua kicheko. Breki akaoga, akakaa kwenye kiti, wakamlaza mtoto juu yake: kichwa kama embe dogo, mpira mwembamba umepita puani wa kupelekea maziwa, ngozi laini inayoonyesha mishipa. Wakamfunga naye kwa kitenge. Breki hakuthubutu hata kumeza mate.

"Pumua," nesi mkuu akamwambia. "Ukipumua wewe, naye anakumbuka. Hawa wakati mwingine husahau. Akisahau, mguse wayo."

"Wanasahau kupumua?"

"Ndiyo maana nakwambia usisinzie."

Basi hakusinzia. Alimwita Punje, akaanza kumsimulia mambo: habari za baba yake alivyoanguka mtini akiwa mdogo, habari za mama yake anavyochelewa kila mwaliko. Lakini sauti ile ya barabarani haikufaa mle ndani. Punje alishtuka akikunja vidole kila shangazi yake alipofungua mdomo, kwa hiyo shangazi akajifunza kunong'ona. Ilimchukua muda, kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mtoto alipoongezeka uzito, gramu chache tu, kijiko cha sukari, Breki alishangilia kwa kunong'ona, na akina mama wa jirani wakapiga makofi kwa vidole viwili viwili. Alipofungua jicho moja, habari ilizunguka wodi nzima. Muuza viatu alikuja na jozi ndogo kuliko zote dukani mwake. Mguu wa Punje ukapotea ndani ya kiatu kimoja kama panya ndani ya debe. Akaambiwa arudishe, akakataa. "Atakua," akasema. "Ataivaa tu."

Mtoto akikabidhiwa kwa nesi ili abadilishwe, Breki alivuka uwanja kwenda kumwangalia wifi. Alimkuta vilevile, amefumba macho, mashine inampumulia. Akamshika kidole, akampa habari zote za Punje, akarudi.

Asubuhi moja wakamwita mbio. Wifi ameamka! Mpira wa kupumulia umetolewa, figo zimeanza kazi, na anauliza watu. Breki alikimbia uwanjani kandambili moja imemvuka, hakurudi kuiokota. Wifi alikuwa amelala chali, midomo imekauka, mkono wake unapapasa tumbo lililokuwa bapa.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yupo, wifi," Breki akanong'ona, machozi yanamlenga. "Yupo, ni binti, mzima."

Wifi akamtazama. Kisha akageuzia uso wake ukutani.

"Usinidanganye."

"Nikudanganye kwa nini?"

"Nakujua miaka yote hii. Wewe hujui kunong'ona. Hata msibani ulikuwa unapiga kelele. Leo unaninong'oneza." Akavuta shuka hadi kidevuni. "Mwanangu amekufa."

Breki akajipiga paja. "Mama wee! Nimezoea tu! Kule watoto wanashtuka!" Akatoa simu, akamwonyesha picha. Wifi akatupia jicho picha ile ya kitoto chenye mipira puani, akatikisa kichwa. Alisema huyo ni mtoto wa mtu mwingine, wamwache apumzike. Alikataa uji, na presha ikaanza kupanda tena.

Breki akamfuata daktari ukumbini. "Lazima amwone kwa macho yake. Mleteni mtoto huku."

"Mtoto mdogo vile kwenye chumba cha mahututi? Haiwezekani, vijidudu vya humu vitamla."

"Basi mama aende kule."

"Hawezi kukaa kwenye kiti cha magurudumu. Akiinuka tu anaanguka."

"Nani amesema akae? Kitanda hakina magurudumu?"

Daktari akatazama kitanda. Akatazama mtungi wa oksijeni. "Presha ikitulia mpaka kesho asubuhi," akasema polepole, "nitakwenda naye mwenyewe."

Ikatulia. Na kabla msafara haujaanza, baba mtu akatokea. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua, alipanda lori, akatembea, akapanda trekta. Tope lilimfika magotini na ndevu zilimfanya afanane na baba yao marehemu. Alipomwona mkewe amefumbua macho, aliinama pembeni ya kitanda, paji la uso juu ya shuka, akashindwa kuinuka.

"Utalia baadaye," dada yake akamwambia. "Sasa hivi kuna kusukuma. Nenda kanawe mikono, shika upande ule."

Wakaondoka. Daktari mbele na mashine ndogo ya presha, nesi mmoja na mtungi, mume kwenye miguu ya kitanda, Breki kichwani. Wagonjwa wakatoka vitandani kuangalia, wafagiaji wakasogeza ndoo. Sauti ya Breki, iliyofungiwa siku zote hizo, ikapata pa kutokea.

"Kata kushoto! Kushoto, siyo huko, huko ni kulia! Nyoosha! Angalia mtaro! Breki, breki, breki!"

Wifi alifumbua macho makubwa, akaangalia dari likipita, na kona ya mdomo wake ikatikisika. "Huyu sasa ndiye wifi yangu," akasema.

Walifika kwenye mlango wa wodi ya njiti, wakasukuma, na kitanda kikagota. Wakakirudisha, wakajaribu kwa pembe. Kikaingia nusu, kikakwama kabisa, hakiendi mbele wala nyuma. Mlango ulikuwa mwembamba na kitanda kipana, na hakuna maarifa ya udereva yanayobadilisha hilo. Mume akapiga teke gurudumu. Daktari akatazama saa.

Nesi mkuu akaja kuangalia kuna kelele gani mlangoni pake. Aliangalia kitanda, akaangalia mama. "Kama mama haingii," akasema, "mtoto atatoka."

Akarudi ndani, akaja na Punje mikononi, akapanda juu ya kigoda, akamfungulia wifi vifungo vya gauni, akamweka juu ya kifua chake.

Watu wote wakasogea karibu. Punje akatafuta-tafuta na shavu lake, akakunja uso, akatulia. Wifi hakumgusa kwanza. Alinusa tu utosi wake. Kisha akaleta kiganja, kikamfunika mgongo wote.

"Ana sikio la mama yangu," akasema. "Ona. Hili hapa limejikunja. Ni sikio la mama yangu!" Na akaanza kulia kwa sauti na kucheka ndani yake, hata mtoto akapanda na kushuka kifuani kama yuko juu ya maji.

"Presha?" nesi mkuu akauliza.

"Imeshuka," daktari akajibu, akapangusa macho kwa kiwiko.

"Wifi," Breki akasema ghafla, "gauni lako limelowa."

Nesi mkuu akaangalia, akapiga makofi. "Dang'a! Maziwa ya kwanza hayo! Lete kikombe! Leteni kikombe, yasipotee hata tone!" Manesi wawili wakagongana mlangoni wakikimbilia kikombe, mmoja akapita chini ya kitanda kwa sababu juu hapakuwa na njia. Mle ndani akina mama wakapiga vigelegele, na safari hii hakuna aliyewakataza.

Ilibidi fundi wa hospitali aje kung'oa bawaba za mlango ndipo kitanda kikatoka. Wifi alibaki wodini majuma kadhaa. Presha ilimsumbua, akafundishwa kumeza dawa bila kuruka siku. Baba mtu, baada ya kuoga na kunyolewa, naye alivuliwa shati akakalishwa kitini na kitenge, akabeba zamu yake kwa woga mtupu mpaka mkewe akamwambia alegeze mabega. Punje alijifunza kunyonya, akasahau, akajifunza tena.

Waliruhusiwa siku ya mawingu, asubuhi. Walikuwa wamesimama ngazini, mama amemfunika binti yake, baba ameshika mabegi, shangazi katikati, wote wakigombania nani atembee upande wa upepo, mtoto alipopiga chafya. Ilikuwa chafya kamili, ya mtu mwenye afya yake. Wote watatu wakasimama kusikiliza kama atapiga nyingine.

Akapiga.