Mwonjaji wa Kahawa wa Stendi ya Biharamulo

Naapa kwa pensheni yangu, kitu pekee nilichonacho kisichokubali chumvi: haya yote ni kweli tupu. Mimi ni Protasi, dereva mstaafu wa greda. Kusoma nilijifunza mwenyewe kwa vibao vya barabarani, ndiyo maana hadi leo nikifika kwenye nukta nafunga breki.

Leonsia ana mgahawa wa kahawa pale stendi. Tangu nistaafu, kiti cha dirishani kilikuwa changu. Kikombe kimoja kilinifikisha kutoka basi la asubuhi la Ngara hadi la jioni, na kila aliyeshuka alipata hadithi. Nyumbani mke wangu Ildefonsa zote anazijua, tena anazisahihisha.

Wakaja vijana wa kompyuta, wale wanaofanyia kampuni za mbali kazi wakiwa wamekaa hapo hapo. Leonsia akawavutia intaneti, wakawa wanalipia kwa saa.

"Shikamoo babu," akaniambia siku moja. "Dirishani sasa ni kwa wenye kazi. Wewe hamia benchi la nyuma, karibu na jiko."

"Marahaba. Huko nyuma nitamsimulia nani, sufuria?"

"Sufuria haibishi, babu."

Kesho yake nikaja na kompyuta ya mjukuu wangu, iliyokufa mwaka juzi. Nikaifungua dirishani, nikakunja uso kama wenzangu.

"Kazi gani hiyo?" Leonsia akauliza.

"Naonja kahawa. Nikionja hapa, naandika, wanunuzi wa Ulaya wanajua wachukue ipi. Mimi nikinusa tu nakutajia shamba. Ipo moja ya Bukiriro, jogoo alidonoa mashapo yake akawika siku tisa bila kulala, majirani wakahama."

Hakucheka. Akaniacha dirishani, na kila siku akaniongezea kikombe cha pili bure, cha kazi. Wiki tatu nilibofya kompyuta maiti. Jioni nilikuwa nafika nyumbani nimechoka kweli.

Jumatatu akanisogelea Joan, binti wa hapo dirishani, karani wa barua za mnunuzi mmoja wa kahawa.

"Shikamoo babu. Bosi wangu anatafuta mwonjaji. Onja kikombe hiki, unitajie shamba, nimwandikie leo hii."

Kompyuta zote zikanyamaza. Nikikataa, benchi la nyuma linanisubiri. Nikapiga funda, nikafumba macho.

"Kirushya," nikasema. "Mteremko unaotazama jua la asubuhi. Mkulima wake mwembamba, na amegombana na shemeji yake."

Leonsia akashika kiuno. "Babu, kahawa imeniishia tangu jana. Hayo uliyoonja ni mahindi ya kukaanga."

"Ndiyo, mahindi ya Kirushya."

"Nimeyavuna mwenyewe, nyuma ya choo!"

Watu walicheka hadi makondakta wakaja kuchungulia. Joan akabonyeza kitufe cha kompyuta yangu, akasubiri, akabonyeza tena.

"Babu, hii si imekufa?"

"Imepumzika, mjukuu wangu."

Leonsia akatoa hukumu pale pale: vile vikombe vya bure nitavilipa kwa jasho. Mchana likashushwa gunia la kahawa; yeye akawa anakaanga, mimi nikakabidhiwa kinu na mchi.

Leo ni Alhamisi na bado natwanga. Hapa nimepumzika kidogo tu, kwa sababu vijana wa dirishani wametuma mtu kuniomba nitwange polepole: wako kwenye mkutano.