Mdomo Tatu, Mkono Nane

Kila alasiri, akishatoka msikitini, Mzee Haidar alitoa viti viwili vya mbao barazani kwake, akavipanga ubavu kwa ubavu kuelekea ukutani, na wapita njia wa Mtambile wakajua kwamba ndege inakaribia kuruka. Kiti cha kushoto kilikuwa cha rubani mkuu, ambaye ni yeye. Cha kulia kilikuwa cha msaidizi wake, Mardhiya, binti wa marehemu mdogo wake. Mbele yao aliegemeza ubao alioupigilia vifuniko sita vya makopo ya maziwa, kila kimoja kimezungushiwa namba kama saa ya ukutani na kutiwa mshale wa spoku ya baiskeli.

Watu walicheka, ila kwa kujificha, maana Mzee Haidar hachekwi usoni. Miaka thelathini alifanya kazi kwenye mnara wa kuongozea ndege pale uwanjani Chake, na alipostaafu wakambandika jina la Mnara. Mwenyewe alijifanya halipendi.

Mardhiya alikuwa amemaliza kidato cha sita, hesabu na fizikia zikiwa nzuri, na shirika moja la ndege huko Dar es Salaam lilikuwa limemwita kwenye usaili wa chuo chake cha marubani. Waliitwa sitini, watachukuliwa kumi na wawili. Siku tatu nzima utapimwa: karatasi za hesabu, mtihani wa kompyuta, macho na moyo, mahojiano, na mwisho zoezi la watu wawili ndani ya chumba cha rubani cha bandia. Tangu ana miaka kumi, siku ba'mkubwa wake alipompandisha mnarani akasikia redioni sauti ya mwanamke ikiomba ruhusa ya kutua, alikuwa akilitaka jambo hili. Alilitaka kiasi cha kuona haya, asimwambie mtu mpaka barua ya wito ilipofika.

Mazoezi yao yalikuwa na kanuni moja. Mzee Haidar anasoma agizo kutoka kwenye daftari lake la zamani. Mardhiya analirejesha kwa mdomo neno kwa neno, kisha anaweka mshale mahali pake. Safari ilikuwa ile ile siku zote: Pemba, Unguja, Dar. Mardhiya alikuwa ameinakili yote kwenye karatasi zake, kwa hiyo siku ba'mkubwa aliposema, "Panda futi elfu tatu," na yeye anajua daftari linasema elfu nane, alishtuka.

Alimtazama kwa pembeni. Mzee alikuwa amelisogeza daftari mpaka karibu liguse pua.

"Napanda futi elfu tatu," akasema Mardhiya, na mkono wake ukauweka mshale kwenye nane.

Mzee Haidar akainama kuukagua ubao, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuona kitu.

Msimlaumu haraka. Huku kwetu mtoto hufunzwa kusitiri kabla hajafunzwa kuhesabu. Mkubwa akivaa shati nje ndani, unatazama pembeni mpaka ajione mwenyewe. Akikuita kwa jina la dada yako, unaitika. Na huyu hakuwa mkubwa hivi hivi tu. Ndiye aliyemlea tangu Bakar, baba yake, alipofariki yeye akiwa darasa la tano. Isitoshe, nyumba nzima ilikuwa katika kazi hiyo hiyo ya kusitiri. Bi Asya, mke wa mzee, alimtia kikombe mkononi badala ya kukiweka mezani, akampangia viatu mlangoni, na vidonge vyake vya presha alimhesabia yeye, akisingizia eti mzee ni msahaulifu. Mama yake Mardhiya, Mwanamize, alipoulizwa, alimwambia mwanawe anyamaze. Alisema ba'mkubwa wake amebakiwa na lile daftari tu, na ukimwambia haoni utakuwa umemnyang'anya.

Basi wiki nane mdomo ukawa unasema lake na mkono unafanya lake. Mardhiya akazoea. Ubaya wa kuzoea ni kwamba hata mtu mwenyewe hajui amezoea nini.

Usaili ulimwendea vizuri mno siku mbili za mwanzo. Siku ya tatu akaingizwa kwenye chumba kile cha bandia, vitufe na taa kila upande, na kwenye kiti cha kushoto akamkuta Kapteni Ridha, mtu mzima wa mvi na sauti ya taratibu. Mardhiya akaona kama yuko Mtambile, na moyo ukatulia.

Waliruka, wakanyooka, wakapinda. Kila agizo alilirejesha sawasawa. Kisha Kapteni Ridha akasema washuke mpaka futi elfu nne. Ramani iliyokuwa pajani mwa Mardhiya ilionyesha milima mbele yao, na juu yake imeandikwa wazi kwamba mtu asishuke chini ya elfu sita.

"Tunashuka futi elfu nne," akasema. Mkono ukazungusha kitufe mpaka sita.

Kapteni Ridha akazima mtambo.

"Umesema nne, ukaweka sita. Kwa nini?"

"Kwa sababu ya milima, Kapteni. Nilidhani umeteleza ulimi."

"Sikuteleza. Nilikosea makusudi nikuone. Lakini kwa nini hukuniambia?"

Mardhiya akaitazama ramani pajani mwake. "Niliona vibaya kukusahihisha," akasema.

Kapteni hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Mardhiya. Alimweleza polepole, kama mtu anayemhurumia, kwamba sasa humu ndani kuna watu wawili, mmoja anaamini ndege iko elfu nne na mwingine anajua iko elfu sita, na agizo linalofuata litatolewa na yule asiyejua. "Mimi umenistahi," akasema. "Abiria mia na kumi walioko nyuma umewastahi?"

Walimwambia matokeo yake mengine ni ya juu, na kwa ajili hiyo atarudia zoezi hilo moja baada ya wiki tatu. Atakuja mara moja tu. Akirudi na ukimya ule ule, wataagana kwa wema.

Kwenye boti ya kurudi Mkoani alikaa peke yake akafikiri. Hakulia. Alijiona mjinga, kisha akajiona mwizi, maana wiki nane zile alikuwa amemwibia ba'mkubwa wake kitu bila kujua ni kitu gani.

Nyumbani alisema tu kwamba limebaki zoezi moja. Mzee Haidar alifurahi, akatoa viti siku ile ile. Mardhiya akasema kichwa kinamuuma. Siku ya pili kichwa kikamuuma tena. Siku ya tatu mvua ikamwokoa: ilianza alasiri, watu wakakimbilia kuzoa karafuu zilizoanikwa majamvini kando ya barabara, na mpaka jua linazama ilikuwa bado inapiga. Msikitini hapakwendeka. Mzee Haidar akawasalisha Magharibi nyumbani, yeye mbele, na nyuma yake Bi Asya, Mwanamize na Mardhiya.

Rakaa ya tatu ilipokwisha, badala ya kukaa, mzee akainuka kwenda ya nne.

Bi Asya akapiga kofi. Mara moja tu, kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, kama sharia inavyomtaka mwanamke aliye nyuma ya imamu aliyesahau. Mzee Haidar akarudi chini bila ya kusita, akamalizia, akasujudu sijda mbili za kusahau, akatoa salamu. Kisha akageuka, akauliza kama uji upo.

Mardhiya alibaki mkekani akimtazama Bi Asya. Ni yule yule wa viatu na vidonge. Alimsahihisha mumewe mbele ya watu, ndani ya sala, na hakuna aliyevunjika wala aliyevunjiwa heshima. Uji ukanywewa.

Kesho yake alitoa viti mwenyewe.

Mzee Haidar akaketi, akafungua daftari. Waliondoka Pemba vizuri. Wakafika mahali pale.

"Panda futi elfu tatu."

Mardhiya aliuona mkono wake ukianza kwenda kwenye nane peke yake, akauzuia.

"Ba'mkubwa," akasema, "weye wasema elfu tatu. Daftari lasema elfu nane. Naomba uthibitishe."

Mzee akalisogeza daftari karibu, akaliweka mbali, akalielekeza kwenye mwanga. Ndani, Bi Asya aliacha kutwanga.

"Miye naona tatu," akasema mwisho. Kisha akauliza: "Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza."

"Na siku zote hizo ukiweka ngapi?"

"Nane."

"Na mdomo wako ukinambia tatu."

"Naam, ba'mkubwa."

"Miaka thelathini mnarani," akasema Mzee Haidar, sauti yake ya chini, "kuna siku nilichoka, kuna siku nilikuwa na homa, nikakosea. Kila nilipokosea, rubani alinirudisha. Hakuna hata mmoja alonistahi. Ndo maana wote walishuka salama wakenda makwao." Akafunga daftari, akasimama, akashika ukuta, akaingia ndani.

Siku mbili hakutoa viti wala hakuuliza habari za usaili. Mwanamize alimwambia mwanawe kwamba ndilo alilomkataza. Mardhiya akashika kazi ya kuchambua karafuu pamoja na wengine, mikono ikimnuka, na moyoni akiamini kwamba amepoteza mawili kwa mpigo mmoja, ba'mkubwa na urubani. Yalimuuma yote mawili, na la kwanza lilimuuma zaidi.

Siku ya tatu asubuhi mzee akasimama mlangoni kwao, amevaa kanzu safi. Mardhiya akamwamkia shikamoo, akamwitikia marahaba kama kawaida.

"Vaa tutoke," akasema. "N'natafuta mtu wa kunipeleka hospitali Chake. Nataka asonificha bei ya nauli wala jina la kituo."

Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba kama angekuja mwaka jana angekuwa ameshapona. Wangeanza kulipasua la kulia, siku kumi kabla ya zoezi la Mardhiya. Bi Asya alipoletewa habari alikaa chini akashusha pumzi ndefu, akasema kwa mara ya kwanza mbele ya watu kwamba amechoka kupanga viatu.

Mazoezi yakarudi, na sasa yalikuwa ya vita. Mzee alikosea kwa makusudi, akakosea bila kukusudia, akapandisha sauti, akajitia kukasirika, na Mardhiya alitakiwa amrudishe kila mara, kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika barabarani. Jioni moja alimrudisha mara kumi na nne, na mara mbili kati ya hizo mzee ndiye aliyekuwa sawa. Hata kwa hizo alisifiwa.

Dar es Salaam, Kapteni Ridha hakumpa milima tena. Alimpa uwanja asioujua, akamtajia njia ya kutua iliyofungwa. Mardhiya aliinua kiganja kutoka kwenye kitufe ili kisiende peke yake.

"Kapteni, njia hiyo imefungwa kwa mujibu wa karatasi hii. Sitaiweka mpaka uthibitishe."

Kapteni Ridha akaangalia karatasi, akasema ni kweli, akaandika kitu, wakaendelea. Ilikwisha upesi hivyo, na Mardhiya alitoka akiwa hana hakika hata ya jina lake.

Majibu yakaja baada ya wiki mbili kwa barua pepe. Mwanamize aliipeleka ichapishwe dukani, na kabla haijafika kwa Mzee Haidar ilikuwa imepita mikononi mwa kila mtu mwenye kujua kusoma, imeshapata alama za vidole vya karafuu. Lakini kusomwa rasmi ilibidi isomwe na yeye, barazani. Jicho la kulia lilikuwa limepona, miwani haijawa tayari, na mwenyewe alikataa kusaidiwa. Machozi yalimlengalenga, akasema ni ile dawa ya matone.

"Mardhiya Bakar," akasoma, taratibu, kama anayesoma redioni. "Tuna furaha kukuarifu kwamba umechaguliwa kujiunga na mafunzo ya urubani." Akateremka mstari wa pili. "Unatakiwa kuripoti chuoni tarehe tatu."

Watu wote walijua kwamba ni tarehe nane. Mwanamize akatazama sakafu. Mardhiya akavuta pumzi ili aseme.

Kofi likalia kabla yake. Lilikuwa la Bi Asya, aliyekaa mlangoni, kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto.

Mzee Haidar akasita. Akaisogeza karatasi kwenye mwanga, akaitazama kwa jicho lake jipya mpaka akaridhika.

"Tarehe nane," akasema. Akamgeukia mkewe, akamwinamishia kichwa. "Nane. Nimesikia."

Kisha akaendelea kusoma mpaka mwisho.