Baba Mkwe Yuko Nyuma Yako

Gakunzi alirudi Louisville kutoka Columbus na hasira iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa amekosa shimo la gofu lililokuwa hatua mbili mbele yake. Hatua mbili tu! Mtoto anayetambaa angeusukuma mpira ule ukaingia.

Kampuni yao ilikuwa na maghala matatu, Louisville, Columbus na Buffalo, na kila kiangazi wafanyakazi walishindana gofu: kusukuma mpira shimoni, basi, hakuna kupiga mbali. Lilikuwa limebaki pigo moja kombe liwe la Louisville. Ndipo Birindwa, Mshi wa Bukavu anayekaa Hilliard na kuchezea Columbus, akapaza sauti: "Gakunzi! Baba mkwe yuko nyuma yako!"

Kwao Gakunzi, huko milimani juu ya Uvira, mwanamume hampi baba mkwe mgongo. Gakunzi aliinua kichwa mikono ikiwa bado inasukuma, akageuka, akavua kofia. Nyuma hapakuwa na mtu. Mpira ukapita pembeni ya shimo. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na video ikafika kwenye simu za wakwe zake wote, hata kwa baba mkwe mwenyewe, mzee Rugaba, kule Buffalo.

"Mwaka ujao tunachezea huko huko Buffalo," alimwambia mkewe, Bamurange. "Mbele ya baba yako nitamfunga mdomo mbwa yule."

Dionizi, Mrundi anayekata nyasi kwenye uwanja wa gofu kule Iroquois, ndiye aliyemwonyesha kosa. "Mkono wako ni mzima, hauna kosa. Kinachokutoroka ni kichwa. Weka senti chini ya mpira. Ukishasukuma, baki unaitazama senti. Mpira usiuangalie, usikilize ukianguka."

Basi kila siku kabla ya zamu, kwenye zulia la nyumba yao mtaani Newburg, Gakunzi alisukuma mipira mia. Alipanga makopo mawili ya nyanya, katikati akaacha upenyo wa kupita fimbo tu; akikwaruza kopo, anaanza kuhesabu upya. Macho yalipoacha kuitoroka senti, alimwambia mkewe asimame mlangoni apige kelele kwamba baba amekuja.

"Nimtaje baba yangu bure, kwa ajili ya kampira?"

"Mtaje!"

"Baba amekuja!" Bamurange alifoka.

Kichwa kikainuka. Kopo likaanguka. Gakunzi akalipiga teke likaenda kugonga jiko.

"Tena!"

Shingo ile ilikuwa na adabu kuliko mwenyewe. Kuivunja adabu hiyo kulichukua miezi.

Mwaka uliofuata, kule Buffalo, mambo yakarudi palepale: pigo moja, hatua mbili. Akainama.

"Bon, Gakunzi! Baba mkwe yuko nyuma yako!"

Mbwa, alisema moyoni. Akasukuma, macho yakabaki kwenye nyasi pale mpira ulipokuwa. Akausikia ukidondoka shimoni. Ndipo akageuka amtukane Birindwa waziwazi.

Mzee Rugaba alikuwa amesimama pale, ameegemea bakora yake.

"Nimekuja kukutazama, mwanangu, nawe unanipa mgongo?"

Gakunzi alivua kofia. Lakini hasira haikumtoka. "Baba, huyu mwaka jana alinidanganya kwa jina lako. Mwaka mzima nimejifunza kutolisikia."

"Kutolisikia jina langu?" Mzee alimgeukia Birindwa, ambaye alikuwa tayari amenyoosha mikono miwili kumsalimu.

"Ni mzaha, mzee," Birindwa alichekacheka. "Donc, mchezo tu."

Rugaba aliiacha mikono ile ikining'inia hewani mpaka mwenyewe akaishusha.

"Weka tena mpira," alimwambia mkwe wake. "Nilifumba macho kwa aibu. Sikuuona ukiingia."

"Baba, tumeshashinda."

"Nimesema weka."

Gakunzi akauweka. Mzee akazunguka taratibu, akasimama upande wa pili wa shimo, mahali ambapo hakuna wa kumpa mgongo. Gakunzi akainama, meno ameyauma, na ole wake Birindwa kama angethubutu hata kukohoa.