Mlio Chini ya Boneti ya Wasike

Nicanor Ouma alikuwa na siri moja tu, na aliibeba ndani ya sikio lake la kushoto. Miaka tisa alifanya kazi katika kiwanda cha chuma mjini Jinja, upande wa nyundo kubwa, na nyundo hizo zilimpa mshahara kila mwisho wa mwezi huku zikimnyang'anya kusikia kidogo kidogo. Wahindi wenye kiwanda walipofukuzwa nchini, mashine zikaanza kusimama moja baada ya nyingine, naye akahamia Bugembe, akafungua gereji kando ya barabara ya Iganga. Wakati huo sikio la kushoto lilikuwa limekwisha kufa. La kulia lilisikia sauti nene tu: lori, ngoma, na watu wanaozungumza kwa nguvu. Sauti nyembamba, kama ya mbu au ya saa ya mezani, zilikuwa zimemhama kabisa.

Hakumwambia mtu. Nani angempa gari fundi kiziwi? Alijifunza kuweka kiganja juu ya injini na kuusoma mtetemo wake, kunusa moshi, kutazama rangi ya plagi. Mteja akimweleza juu ya mlio, aliinamisha kichwa, akafumba macho kama anayesikiliza kwa makini, kisha akabahatisha. Mara nyingi alibahatisha vizuri, na sifa zake zilifika hadi Mpumudde na Budondo.

Ndipo akaja Wasike na gunia lake.

Wasike alikuwa Mkenya wa Bungoma mwenye duka la vipuri vya baiskeli huko Mbale. Kila juma alikuja Jinja kutafuta mali, na mwaka huo wa sabini na nne mali ilitafutwa kweli kweli. Alikuwa na Datsun nyeupe aliyoipenda kama mtoto wa mwisho. Ndani ya gunia mlikuwa na manifoldi mpya aliyotengenezewa na fundi mmoja wa vichochoroni Nairobi: mabomba manne marefu ya moshi, yaliyopinda kama mizizi, yakiungana na kuwa bomba moja kwa chini.

"Fundi, haya ndiyo wanayofunga wale wa mashindano ya magari ya Pasaka," Wasike alisema, akiyapangusa kwa leso yake mwenyewe. "Moshi unatoka bila kusongamana, gari linapata nguvu. Nataka nikipanda mlima wa Kapchorwa watu watoke nje kutazama."

Nicanor alitoa manifoldi ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, akafunga ile mpya. Kazi ilimchukua siku mbili. Injini ilipowashwa, alisikia ngurumo nzuri, nene, ikipanda miguuni mwake kutoka ardhini. Alifurahi. Wasike alifurahi zaidi, akaondoka akipiga honi hadi kwenye kona.

Kesho yake asubuhi alirudi. Hakupiga honi.

"Kuna mlio," alisema.

"Mlio gani?"

"Wa kwanza ni huu hapa, sikiliza. Wa pili unakuja nikiachia mafuta kwenye mteremko. Unalipuka kama bunduki. Jana mama mmoja alitupa ndizi zake zote barabarani akakimbia."

Nicanor aliingiza kichwa chini ya boneti. Injini ilikuwa ikinguruma polepole. Alifumba macho. Hakusikia kitu ila ile ngurumo yake nzuri.

"Tapeti," alisema.

Alizirekebisha tapeti zote nane, vile vyuma vinavyosukuma vali, moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba hatendi lolote la maana. Alipomaliza, Wasike aliinama, akasikiliza, akatikisa kichwa. Mlio ulikuwa palepale. Aliiacha injini ikinguruma, akasema anakwenda kula, na akirudi angependa kukuta jambo limekwisha, maana jioni lazima awe Mbale.

Akeyo, mke wa Nicanor, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta akichambua maharage. Aliweka ungo chini, akaja kusimama kando ya gari.

"Baba Adero, unaisikia hiyo kitu?"

"Naisikia."

"Inasemaje?"

Nicanor alichukua spana, akaifuta, akairudisha mahali pake.

"Miaka kumi na moja nalala upande wako wa kushoto," Akeyo alisema. "Nikikuambia mtoto analia, hugeuki. Nikikugusa, unaruka. Ulidhani mimi sijui? Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Mficha uchi hazai."

Nicanor aliona haya hadi kwenye shingo. Lakini pamoja na haya alihisi kitu kingine, kama mtu aliyebeba mfuko wa saruji akaambiwa auweke chini.

"Basi niambie wewe," alisema polepole. "Inasemaje?"

Akeyo aliinamia injini, kisha akaligeukia sikio la kulia la mumewe, akabana midomo. "Tik-tik-tik-tik. Kama kuku anadonoa mabati. Ukikanyaga mafuta, anadonoa haraka."

"Asubuhi ilikuwa hivi hivi?"

"Asubuhi ilikuwa kali zaidi. Kadiri injini inavyopata moto, anachoka. Sasa anadonoa kidogo tu."

Nicanor aliinua macho. Maneno hayo yalimtosha. Tapeti haichoki hivyo kwa sababu ya joto, lakini ufa huchoka: chuma kikipata moto hutanuka na kuziba nafasi. Moshi ulikuwa unapenya pale mabomba mapya yalipokutana na injini. Alizima, akangoja hadi injini ikapoa, akakata kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mkono, akampa mkewe aweke ncha moja sikioni. Waliwasha tena. Yeye aliipitisha ncha nyingine kwenye viungo vyote vinne, na Akeyo akawa anatikisa kichwa: hapana, hapana. Kwenye bomba la tatu aliruka na kuutupa mpira.

"Hapo," alisema. "Huyo kuku amenidonoa mimi mwenyewe."

Walipofungua, waliona masizi meusi yamechora mstari kwenye gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba kiungo, kama unyayo wa mwizi. Yule fundi wa Nairobi alikuwa ameunguza chuma kwa kuchomelea hadi uso wa bomba ukajikunja kidogo. Nicanor aliusawazisha kwa tupa, akiupima juu ya kipande cha kioo, kisha akakata gasketi mpya kutoka kwenye gasketi kuukuu ya lori, kwa kuwa madukani hapakuwa na gasketi wala chumvi. Wasike aliporudi, mlio wa kwanza haukuwapo. Aliinama mara tatu kuhakikisha.

"Na wa pili?" akauliza.

Wa pili ulitaka barabara. Wasike aliomba fundi aende naye hadi Mbale, alale kwake, arudi kesho. Akeyo alisema naye anakwenda. Dada yake Orpah alikuwa amejifungua huko majuma mawili yaliyopita. Alimwacha Adero kwa jirani, akafunga kanga mbili za mtoto ndani ya gazeti, akakaa kiti cha nyuma katikati, kichwa chake kikiwa kati ya vichwa vya wanaume wawili.

Walipita Iganga vizuri. Datsun ilikuwa na nguvu kweli, na Wasike alianza kuimba. Baada ya hapo barabara ikateremka, na chini ya mteremko kulikuwa na mapipa mawili, gogo, na askari sita wakikagua magari.

Wasike aliacha kuimba. Akafanya kile ambacho kila dereva hufanya akiona kizuizi cha jeshi: akaondoa mguu kwenye mafuta.

Paa. Paa-paa.

Hiyo Nicanor aliisikia. Aliwaona askari wote sita wakitoweka mtaroni kwa pamoja, kofia moja ikibaki barabarani peke yake. Gari lilijikokota hadi kwenye gogo na kusimama. Kisha, taratibu, mitutu ya bunduki ilianza kuchomoza ukingoni.

"Toka inje. Wote. Mikono juu."

Walitoka. Koplo aliyepanda kutoka mtaroni alikuwa mtu mzima, matope yamempaka kifuani. "Nani napiga risasi?"

"Afande, si risasi, ni ekzosi," Wasike alisema, na sauti yake ikawa nyembamba kuliko mbu. "Huyu ni fundi, atakuonyesha."

Nicanor alisikia neno fundi. Akageuka kwenda kufungua boneti, mikono bado juu. Askari kijana aliyekuwa upande wake wa kushoto akasema, "Simama." Nicanor aliendelea kutembea. Askari alisema mara ya pili, akafungua kufuli ya bunduki.

Akeyo alisikia kile chuma kidogo kikilia. Aliingia kati yao kabla hajafikiri.

"Afande, hakusikii. Sikio la kushoto limekufa. Alilimaliza kiwandani. Niambie mimi, nitamwambia."

Wasike alimtazama fundi wake kwa mdomo wazi. Nicanor, aliyeshikwa bega na mkewe, aligeuka na kuiona bunduki, akaelewa yote mawili: kwamba amepona, na kwamba siri imekwisha.

Koplo alimsogelea. "Ni kweli hiyo?"

"Kweli, afande."

"Na gari natengeneza namna gani?"

"Yeye anasikia," Nicanor alisema, akimwonyesha Akeyo kwa kidevu. "Mimi natengeneza."

Koplo alifikiri. Aliitwa Marjan, na kabla ya kuvaa magwanda alikuwa ameendesha lori la pamba miaka mingi. Alimwamuru yule kijana ashushe bunduki, kisha akamtazama Akeyo. "Wewe mama, hiyo gari nalia namna gani?"

Basi Akeyo, mikono ikiwa bado juu, mbele ya jeshi, alilia kama Datsun. Kwanza akanguruma, halafu akapumua: "Fyuuu, fyuuu, halafu paa. Anavuta pumzi kwanza, afande. Chini, karibu na miguu yangu."

Yule kijana alikuwa wa kwanza kucheka. Wengine wakafuata, na mwisho Koplo Marjan mwenyewe, akishika matope yake kifuani.

Nicanor hakucheka. Alikuwa amekwishalala chini ya gari. Anavuta pumzi, mkewe alisema. Kumbe hewa inaingia, inakutana na petroli ambayo haijaungua, inalipuka ndani ya bomba. Alipapasa pale bomba jipya lilipoingia kwenye bomba la zamani, akapata nafasi ya kupitisha ukucha. Klampu ya kubania hakuwa nayo. Koplo aliagiza kopo tupu la maziwa ya unga kutoka jikoni kwao, na waya. Udongo wa mfinyanzi walikuwa nao wa kutosha, kwenye sare zao na mtaroni. Nicanor alikanda, akapaka, akazungushia bati la kopo, akakaza kwa waya, huku Koplo akiwa amechuchumaa kando yake akitoa mashauri, mengine ya maana.

Injini iliwashwa ili udongo ukauke. Wasike aliendesha kurudi juu ya mteremko, akashuka tena akiwa ameachia mafuta. Askari wawili walisogea karibu na mtaro, kwa tahadhari tu. Gari likashuka likinguruma kwa adabu hadi kwenye gogo.

"Mama, nasema nini?" Koplo akauliza.

"Amenyamaza, afande."

Gogo likainuliwa. Hakuna aliyeuliza hata vitambulisho vyao.

Walifika Mbale jua likiwa bado linauangaza mlima Wanale. Njia nzima Wasike hakusema neno juu ya masikio, na Nicanor alijua ameshampoteza mteja. Lakini walipoingia uani kwa Orpah, na Akeyo akakimbilia mtoto, Wasike alimshika fundi mkono, akahakikisha amesimama upande wa kulia.

"Nina rafiki ana Peugeot," alisema. "Inapiga filimbi ikifika maili arobaini. Mafundi watatu wameshindwa. Juma lijalo nikimleta, shemeji atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Maana asipokuwepo, hatuji."

Nicanor alicheka hadi akaketi kwenye kizingiti. Ndani Akeyo alikuwa amempakata mtoto wa dada yake, akitazama mlangoni.

"Analia?" Nicanor akamwuliza.

"Analia sana. Njoo karibu," Akeyo alisema, na mumewe aliposogea, akamwinua mtoto hadi kwenye sikio lake zima.