Siku Joel Aliporudi Kundini

Joel alitaka azikwe kwa kengele. Hakuna kingine alichokuwa anakitaka duniani, na nasema hivyo nikiwa nimekaa nyumbani kwake, juu huko kwenye migomba ya Meru, Usa River ikiwa chini yetu.

Tulichuma kahawa pamoja ujanani, halafu mimi nikaendelea na kutembea kwangu, yeye akabaki. Niliporudi kumtazama nikamkuta kitandani. Kiharusi kilikuwa kimemuua upande mzima wa kushoto. Aliyekuwa anamgeuza, anamwosha na kumlisha mtori wa ndizi kwa kijiko ni Kandida, Mchaga wa Rombo, aliyeishi naye tangu binti yao Prisca hajazaliwa, na Prisca sasa ameolewa, yuko Themi. Ndoa ya kanisani hawana. Mke wa ndoa wa Joel alimkimbia zamani, yuko Kisongo, mzima kabisa, kwa hiyo kwa kanisa Kandida ni hawara tu, na Joel alitengwa na meza ya Bwana. Huku ukifa umetengwa, kengele hailii, kwaya haiji, mwinjilisti haonekani. Ndugu zako wanakufukia migombani kama wanaficha kitu walichoiba.

Basi akaja Ephraimu, mzee wa kanisa, jirani wa mpakani. Biblia kwapani, akavuta kiti akakiweka karibu na mlango, mbali na kitanda.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina," Joel akasema, mdomo umepinda. "Ephraimu, mimi si niliokoka? Ule mkutano wa injili Kisongo, ulikuwepo, tulipiga magoti pamoja. Mtu akishaokoka si ameokoka?"

"Wokovu si chanjo, ndugu yangu, kwamba unadungwa mara moja basi. Ni wa kila siku. Wewe ulianza vizuri, halafu ukaangukia kwa huyu mama."

Kandida alikuwa anakamua kitambaa kwenye beseni. "Miaka yote hii anaanguka tu? Hajafika chini?"

Nikacheka. Ephraimu hakucheka.

"Na wewe, mzee," Kandida akaendelea, "maji ya mfereji ya zamu yetu unayachepusha tangu Baba Prisca alale kitandani. Migomba yako inang'aa, yetu inakauka. Huko si kuanguka?"

"Mimi, mama, damu ilishanisafisha. Siku ile ile, Kisongo. Nani wa kunishtaki?"

"Ahaa! Wokovu wako ni wa mara moja, wa mwenzako ni wa kila siku."

Ephraimu akainuka kitini. Akamwinamia Joel, kwa sauti ile laini wanayoitumia kwenye misiba. "Zaa tunda la toba. Huyu mama aondoke kabla ya ibada ya Jumapili, na wewe usimame mbele ya usharika useme umemwacha. Hapo tutakurudisha kundini."

Nilingoja Joel amtimue. Jicho lake zima likapanda darini, likakaa huko.

"Nitasimama," akasema.

"Kwenda chooni tu husimami, Baba Prisca," Kandida akasema. "Huko kanisani utasimamia nini?" Lakini kitambaa alichokwisha kukikamua akakikamua tena.

Usiniulize kama nilinyamaza. Ephraimu alipotoka nilimwambia Joel, huyu mwanamke ndiye anayekutoa mavi, huyo mwenye Biblia hata mkono hakukupa.

"Romanus," akanijibu, "wewe utafia barabarani, hakuna anayekujua. Mimi nina watu watakaonitazama."

Jumapili Kandida alimwosha, akamnyoa, akamvika suti, akamfunga kamba za viatu vya miguu isiyotembea. Halafu akachukua mfuko wake uliokuwa umefungwa tayari, akashuka na njia ya Usa River, kwenda kwa Prisca. Hakulia. Vijana wa kwaya wakambeba Joel kwenye kiti cha plastiki mpaka kanisani.

"Umemwacha yule mwanamke?" mwinjilisti akauliza.

"Nimemwacha."

"Kwa moyo wako wote?"

"Kwa moyo wangu wote."

Kina mama wakapiga vigelegele. Ephraimu alitokwa na machozi kabisa, akayafuta kwa leso, akahakikisha tumeona. Joel akala mkate, akanywa divai, divai nyingine ikamtiririka kidevuni. Mimi nilikaa benchi la nyuma, kohozi limenijaa mdomoni, nikalimeza kwa heshima ya nyumba ya watu.

Walimrudisha nyumbani, wakamlaza na suti yake, wakaanza sala ya shukrani. Katikati ya sala Joel akajichafua. Sala ikapata amina ya haraka ambayo sijawahi kuisikia. Ile leso ya machozi ikahamia puani.

"Nani ataniosha?" Joel akauliza.

"Bwana atakuhudumia," Ephraimu akasema, ameshafika mlangoni. "Jambo hili tutalipeleka kwenye baraza la wazee."

Tukabaki wawili, na inzi.

"Romanus, mpigie Kandida. Mwambie arudi."

"Umemwacha asubuhi hii. Kwa moyo wako wote."

"Nitatubu tena Jumapili ijayo. Si Ephraimu amesema ni kila siku?"

Hapo nikatema, ndani ya nyumba, sakafuni. Kisha nikapiga simu, nikaweka sauti ya juu ili asikie mwenyewe. Kandida alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie Baba Prisca," akasema, "mimi naachwa mara moja tu." Akakata.

Joel akalia kwa nusu ya uso. Nikamvua suti, nikachota maji ya baridi, nikamwosha mimi, kwa mikono isiyojua kazi hiyo. Nilimuumiza, na kila alipolalamika nilimwambia amwite Ephraimu.