Wa Mbele Hadanganyi

Sheria ya wabeba mpiko wa Kihakka, Wachina wa kusini wanaobeba mzigo wawili wawili kwa mti mmoja begani, ni moja, na hata mlevi anaijua: wa mbele husema njia, wa nyuma huirudia, na wa mbele hadanganyi. Wa nyuma ataona nini, na mzigo umemziba? Ukimwambia "jiwe", anainua mguu. Ukimdanganya mara moja tu, katafute mwenzio mwingine.

Ndiyo maana Yap Sen-hin alithubutu kumpeleka shemeji yake kwa Wazungu. Chung Mau-lin alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akibakiwa na mwanga na kivuli tu. Lakini mabega yake yalikuwa mabega kweli. Mwaka huo Waingereza walikuwa wakiandika wapagazi pale Hong Kong, wakapigane na mfalme wa China huko kaskazini, na nyumbani mtungi wa mchele ulikuwa mtupu.

"Wewe ndiye macho ya kaka yangu," Nyuk-moi, mke wa Sen-hin, alimwambia mumewe mlangoni. "Ukirudi bila yeye, usirudi."

Bandarini msimamizi aliwapa sanduku la risasi, wavuke nalo ubao mwembamba hadi kwenye mashua.

"Huyo wa nyuma mbona kofia imemfika puani?"

"Ana sura mbaya, bwana. Tunawahurumia watu."

Msimamizi akacheka. "Haya, piteni. Nisione mtu kaloa."

"Ubao," Sen-hin akaita.

"Ubao," Mau-lin akaitikia nyuma yake.

"Unayumba."

"Unayumba."

Wakapita wakavu, wakaandikwa.

Asubuhi waliyofika kaskazini Sen-hin alipanda sitaha ya meli, akashikwa na butwaa. Mau-lin akamgusa kiwiko.

"Mbona umekuwa bubu?"

"Merikebu, shemeji. Sioni bahari. Milingoti imejaa mpaka kule mbingu inakoishia."

"Acha kunichezea."

"Wa mbele hadanganyi."

Mau-lin akavua kofia, akasimama ameinamisha kichwa kama mtu aliyeingia hekaluni. Sen-hin naye alihisi mwili unamsisimka. Hakujua kama binadamu wanaweza kukusanya vitu vingi hivyo kwa ajili ya kuua.

Walitembea siku kadhaa kwenye tope la magotini. Kisha mizinga ikaanza, na ardhi ikatetemeka chini ya nyayo hadi ngome ya mfalme ilipoanguka. Wapagazi wakaamriwa wapeleke risasi huko juu, jozi nyuma ya jozi, kwenye njia nyembamba kati ya mitaro miwili ya maji.

Sen-hin alikuwa wa kwanza kuiona njia hiyo. Askari wa mfalme walikuwa wamelala juu yake, nywele zimesukwa msuko mmoja mgongoni kama zake yeye. Mmoja bado alikuwa na kipande cha mkate mkononi. Mau-lin akijua, pengine atajikwaa, sanduku lianguke, msimamizi aje amfunue ile kofia. Na aibu pia ilimshika, kwa sababu risasi zilizowalaza hapo wao ndio waliozibeba.

"Jiwe kushoto," akaita.

"Jiwe kushoto."

"Jiwe. Vuka."

"Jiwe," Mau-lin akasema, akavuka. Unyayo wake uligusa kitu, akasimama. Mpiko ukamvuta Sen-hin bega.

"Shemeji," Mau-lin akasema taratibu, "mawe ya huku yanavaa viatu?"

Nyuma yao mstari mzima ulisimama. Sen-hin aliogopa kuliko alivyoogopa mizinga, maana alijua akipoteza imani ya huyu mtu, hataweza tena kumwongoza hadi nyumbani kwa Nyuk-moi.

"Nisemee njia," Mau-lin akasema. "Kama ilivyo."

Sen-hin akauweka mpiko sawa begani.

"Mtu kushoto."

"Mtu kushoto," Mau-lin akaitikia. Sanduku halikuyumba hata kidogo.

"Mtu. Kijana. Vuka."

"Kijana," akarudia Mau-lin, akainua mguu juu, polepole, kama anayemvuka mtoto aliyelala.

Ndipo Sen-hin aliposikia sauti nyingine huko nyuma. Jozi ya pili ilikuwa ikiita, kisha ya tatu, watu wenye macho mazima, ambao nao mpaka hapo walikuwa wakiwaita maiti hao jiwe, jiwe.

"Mtu kushoto," waliitana mstari mzima hadi ngomeni. "Mtu. Mtu. Vuka."